Kunde Tulizowapandia Pongo

Kabula mwanangu,

Habari za chandarua, sabuni na madaftari tumeshazimaliza mchana, na nimekuchosha nazo mpaka ukawa unanijibu "sawa mama" kabla sijafika mwisho wa sentensi. Humu sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Kesho ukipanda basi la Tabora pale Nyegezi mimi nitabaki chini nikipunga mkono, na najijua. Nitakukumbusha maji ya kunywa njiani, nitakukumbusha sweta, na lile ninalotaka kusema nitarudi nalo nyumbani. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Nataka kukueleza habari ya zile kunde. Unadhani unaijua yote. Huijui, na aliyekuficha ni mimi.

Wacha nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikianzia panapouma nitaacha.

Siku Magesa alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye duka la pembejeo ninapouza, alitaka mbegu za kunde, mfuko mzima. Nikamtazama. Mwanaume mmoja, kofia ameishika mkononi, shati limenyooshwa kuliko la mtu mwenye mke. Nikamuuliza familia yake ina watu wangapi wa kumaliza kunde zote hizo. Akanijibu taratibu, bila kucheka, "Naishi peke yangu. Hizi ni za wageni, na wageni wangu hawapigi hodi."

Nilicheka mpaka mwenye duka akatoka stoo kuangalia kuna nini. Ndipo Magesa akanieleza. Kwao, upande wa Mara, ana kipande cha udongo mweusi ukingoni mwa ziwa, katikati ya matete na pori. Masika yakielekea mwisho, wengine wakiwa wameshaacha kupanda, yeye ndipo anapanda hapo kunde na viazi vitamu. Udongo ule unashika unyevu hata mvua ikikatika. Mwezi wa saba nyasi za pori zote zimekauka, na kipande chake ndicho peke yake kimebaki kijani. Basi pongo, wale swala wa vichakani, wanatoka kufuata majani mabichi. Na mwezi wa saba ndipo msimu wa kuwinda unafunguliwa. Ana bunduki yenye leseni, anachukua kibali, anapanda juu ya dungu, jukwaa la fito, anasubiri dume mmoja. Akimpata, ukoo mzima unakula, na yeye hawindi tena mpaka mwaka unaofuata.

Aliyasema yote, Kabula. Hakunificha hata moja. Lakini mimi sikusikia bunduki. Nilisikia mtu anayejua kupanda kitu na kukingojea, nikasema moyoni, mtu wa hivi nitampata wapi tena.

Akawa anarudi kila wiki kununua vitu asivyovihitaji. Siku moja alinunua dawa ya mchwa, na nyumba yake ni ya matofali, chini saruji tupu. Nilipomuuliza mchwa wamekula nini akasema bado hawajala, anawasubiri. Najua unaona aibu mama yako akikuandikia mambo haya. Vumilia tu. Mimi mpaka leo nikisikia pikipiki yake inazima hapo nje nashika nywele zangu kuangalia kama zimekaa vizuri, kama msichana wa Kidato cha Pili. Baada ya baba yako kufariki nilidhani ile sehemu yangu imekwisha. Nilikuwa naamka, nakupikia, nakwenda dukani, narudi, nalala. Halafu ghafla nikawa naimba nikifua. Wewe mwenyewe ulinitania, ukasema majirani wa Buhongwa nzima sasa wanajua nyimbo za kwaya yetu, sauti ya kwanza mpaka ya nne.

Tulipofunga ndoa baada ya Pasaka, wenzangu dukani waliniuliza fungate tunakwenda wapi. Niliona aibu kuwaambia tunakwenda kupanda kunde. Lakini sijawahi kuwa na siku nzuri kama zile. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba ulikuwepo. Ulikuwa umemaliza Kidato cha Nne, uko nyumbani unasubiri chuo, na ulikubali kuja bila kununa. Magesa akakufundisha kuvuta kamba ili mistari inyooke, na kutia punje mbili kila shimo, moja ya kuota na moja ya panya. Ulikuwa ukimwita Anko. Shemeji Manyama, mdogo wake, alikuwa akipita na ng'ombe wake anasimama kutucheka. "Shemeji, wenzenu wanajenga dungu ili wafukuze wanyama shambani. Kaka yangu anajenga ili awakaribishe. Umeolewa na mtu gani?" Na wewe ukamjibu kutoka juu ya dungu ulipokuwa unafunga fito kwamba nimeolewa na mtu mkarimu. Tulicheka wote. Niliwatazama ninyi wawili, mmoja juu anafunga, mmoja chini anampa kamba, nikaona nyumba yangu imesimama tena.

Jioni ile ile ndipo uliponiuliza. Tulikuwa tunaosha majembe ziwani. Uliniuliza, "Mama, kunde zote hizi atakula nani?"

Nilikujua, mwanangu. Nilijua Krismasi ya mwaka jana hukugusa nyama kwa sababu jogoo yule ulimlea tangu kifaranga. Nilijua ukisikia neno kuwinda, utaacha jembe pale pale urudi Mwanza, na ile picha yangu nzuri itavunjika siku ya pili ya fungate. Kwa hiyo nilisema, "Ni za wanyama. Kiangazi hawana majani, wanapata shida." Ukatabasamu. Ukasema Anko ana roho nzuri.

Na baadaye Magesa naye akaniuliza, maana yeye ni mtu wa kuuliza. "Mtoto anajua mambo ya mwezi wa saba?" Nikamwambia, "Anajua. Amefurahi kweli."

Ndiyo hivyo. Sentensi mbili tu, moja kwako na moja kwake, na kila mmoja wenu akaipokea kwa mikono miwili kwa sababu imetoka kwangu.

Ungeweza kuniuliza, mama, miezi yote ile hukupata nafasi ya kusahihisha? Nilipata nafasi mpaka zikanichosha. Bunduki ilikuwa imefungiwa kwa Shemeji Manyama kwa hiyo hukuiona. Manyama alipoanza kusema habari za nyama nilimkatisha kwa kumwongezea chai. Mvua ilipokatika mapema mwaka huu na majani yakaanza kulegea, ulikuwa ukienda kule kila mwisho wa wiki na kubeba maji ziwani kwa ndoo, kichwani, mstari kwa mstari, mpaka shingo ikakuuma. Nilikukanda mafuta shingoni usiku, na mikono yangu ikiwa kwenye mabega yako nilifungua mdomo niseme. Ukaniambia, "Mama, ningeziacha zife, wangekula nini?" Nikafunga mdomo, nikaendelea kukanda.

Furaha mpya ilinifanya mwoga, Kabula. Hili ndilo nililojifunza mwaka huu, nikiwa na umri huu, na ningependa kukupunguzia gharama. Mtu akiwa na shida hana cha kupoteza, anasema ukweli kirahisi. Lakini mtu aliyepata raha baada ya kuikosa muda mrefu anatembea kama aliyebeba trei ya mayai sokoni. Hataki kuguswa na mtu. Hata mtoto wake mwenyewe akimwita, anaogopa kugeuka.

Halafu pongo wakaja. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba siku zile hazikuwa nzuri. Mlikuwa mkipanda dungu jioni, wewe na yeye, mkipuliza majivu kidogo kuona upepo unakwenda wapi ili wasiwanuse. Kule juu hakuna maneno, kwa hiyo uongo wangu ulipata pa kujificha. Ukirudi unasimulia wewe: majike na watoto wao, wekundu, madoa meupe mbavuni kama waliorushiwa unga. Na yule dume mweusi mwenye baka jeupe kooni. Ulimwita Bwana Harusi, kwa sababu ulisema amevaa tai kama Magesa siku ya ndoa, na anatembea vile vile, kama viatu vinambana. Magesa mwenyewe alicheka mpaka akakohoa.

Usiku mmoja alikuja chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda na kofia mkononi. Nikadhani anaumwa. Akasema, "Leo ameniita baba. Amesema, baba, tazama pale." Alirudia maneno hayo, baba tazama pale, kama mtu anayeogopa kuyasahau. Mtoto wake wa kumzaa hana, unajua. Nilimkumbatia nikalia kwa furaha, na katikati ya furaha ile nikahesabu wiki zilizobaki kufika mwezi wa saba. Hata hapo sikusema.

Sasa nifike pale.

Asubuhi ile alitaka kukuamsha mwende wote. Nilimwambia akuache ulale, umechoka. Uliposikia mlio wa bunduki ulikuwa ziwani unafua, na uliporudi uliniuliza ni nini, nikakuambia labda ni watu wa mbali. Nilikuwa na nafasi ya dakika ngapi sijui, Kabula, za kukuketisha kwenye kigoda na kukuambia. Nilikata vitunguu.

Kwao wana desturi yao. Mnyama wa kwanza wa msimu, ini lake haligawanywi. Linachomwa na mwindaji mwenyewe na kupewa yule aliyelima shamba na kulimwagilia, kwa sababu wanasema mwindaji alingoja tu, kazi ilifanywa na mpandaji. Miaka yote Magesa amekuwa akilima peke yake na kula ini lile peke yake. Mwaka huu alikuwa na mtu wa kumpa. Alilichoma mwenyewe, akalifunika kwa sahani ya maua ile tuliyopewa harusini, akaja nayo kwa mikono miwili, na akapiga goti moja mbele yako. Mwanaume yule, mbele ya msichana. Akasema, "Mwanangu, hili ni lako. Pongo wetu ametoka leo. Bila maji yako asingekuja."

Ulifunua sahani. Ukauliza yupi. Akasema yule wa tai.

Hukupiga kelele. Afadhali ungepiga. Uliiweka sahani chini polepole, ukamwuliza, "Ulinibebesha maji ili umuue?"

Magesa akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Alielewa pale pale. Nami, mama yako, niliinama kwenye jiko nikaanza kusukuma kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri tu.  Kisha nikasikia anasema, "Nisamehe, mwanangu. Ningekueleza mapema."

Alichukua kosa langu akalivaa, na mimi nikamwacha alivae.

Tangu siku hiyo humwiti baba wala Anko. Unasema yule mzee. Shikamoo unampa, maana nilikulea vizuri, lakini unampa ukiwa unatazama ukuta, na ikifika saa ya kula una kazi ya kufanya uani. Ulipochagua chuo ulichagua cha mbali, na hukunificha sababu. Ulisema huwezi kukaa nyumba moja na mtu anayelisha kitu kwa upole ili akichinje. Nilikusikia. Na nikakuambia eti utazoea.

Yeye hakunigombeza. Tulipokuwa peke yetu aliniambia neno moja tu: "Ungeniambia. Ningepanda za kula sisi." Nilimwomba msamaha akasema yamekwisha, lakini hayajaisha, kwa sababu bado analipa. Juzi aliniuliza kama kesho abaki nyumbani asije stendi, ili usiondoke umekasirika. Mtu anauliza kama ajifiche ili mtoto asafiri salama, na mwenye kosa ndiye anayepika maandazi ya safari.

Kuna lingine, na hili ni la zamani kuliko Magesa.

Baba yako alipolazwa mara ya mwisho, ulikuwa darasa la saba, unajiandaa na mtihani. Madaktari walikuwa wameshaniambia nijiandae. Kila jioni uliniuliza, na kila jioni nilikuambia baba anaendelea vizuri, amekula uji, amekusalimia. Uji alikuwa hali. Salamu ni kweli alituma, na alikuwa akiomba uletwe. Alisema, "Niletee Kabula nimwone." Nilimjibu amalize mtihani kwanza. Nilitaka ufaulu, nilitaka usilie, nilitaka mambo yakae vizuri angalau upande mmoja. Siku moja ukarudi kutoka shule ukaona turubai limefungwa mlangoni kwetu na viti vya kukodi vimepangwa. Ndivyo ulivyojua. Ulisimama barabarani na begi mgongoni, hukutaka kuingia.

Hukuwahi kunilaumu kwa hilo. Nadhani ulifikiri kifo kilitushtua wote. Hakikunishtua mimi. Nilikuwa nakijua, na nilikunyima kuagana naye.

Nimewaza sana kwa nini nilirudia. Mtu akiungua mara moja haweki mkono tena motoni. Lakini mara ile ya kwanza sikuungua mimi, uliungua wewe, na pengine ndiyo sababu sikujifunza. Watu kama mimi tunaambiwa tuna maneno matamu. Nilipokuwa shule mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia wenzangu barua zao za mapenzi, nilijivunia. Sikujua kwamba mtu anaweza kumpakia sukari mwanawe mpaka akamfanya kipofu.

Sikuandikii ili umpende Magesa. Kama moyo wako unakataa mtu anayeua mnyama mzuri vile, una haki, na sitakuambia pongo ni nyama tu kama mbuzi. Yeye mwenyewe siku ile hakula. Ile hasira ya kumlilia Bwana Harusi ni yako, ibebe unavyotaka. Lakini ile nyingine, ya kudanganywa, ya kubebeshwa ndoo huku mtu anajua mwisho wake, hiyo umempa asiyestahili. Yeye alidhani mnangojea jambo moja. Alipopiga goti lile alikuwa anakupa heshima kubwa kuliko zote alizonazo, na alikuwa anaamini unaielewa.

Na huko unakokwenda, utapenda. Sikuombei usipende, mimi ninayeamka nikiimba nitakuombeaje hivyo. Penda sana. Siku utakapoona raha yako inategemea mtu fulani asijue jambo fulani, kumbuka mama yako akiwa ameinama kwenye jiko anasukuma kuni. Sina la zaidi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuificha barua hii katikati ya mashuka ndani ya sanduku lako, uikute Tabora ukifungua. Nilishafika mpaka kwenye sanduku. Nikasimama pale na karatasi mkononi, nikajiona: ningekupungia mkono pale stendi nikitabasamu, wewe ungeendelea kumtazama yeye kama ukuta, na hasira yako ikinifikia tayari ningekuwa mbali nayo, salama Buhongwa na mume wangu. Ingekuwa ni yale yale.

Kwa hiyo nakuja nayo sasa hivi. Taa yako naiona chini ya mlango, bado hujalala. Nitaisukuma ndani na nitakaa hapa kwenye korido, sakafuni, mpaka umalize kusoma. Magesa nimemwamsha, nimemwambia ninachofanya. Amesema lolote litakalotoka chumbani humo atalisikia akiwa amekaa sebuleni.

Usifungue kwa kunionea huruma. Ukifungua, njoo na hasira yako yote, na unitazame mimi.

Mama yako